Singo Hai

Mama Shekue wa nyumba ya pili anasema Saumu hakuanguka, aliangushwa. Anasema alikuwapo na aliona kwa macho yake mawili, ingawa Mwanakheri alijua wazi kwamba saa ile Mama Shekue alikuwa juu ya ngazi anapangusa vumbi kwenye sola yake. Lakini Mama Shekue akishaanza kusimulia hakatizwi. Ukimkatiza anarudi mwanzo.

"Basi mwanangu we, bibi harusi ana siku tatu tu kwa mumewe. Katoka chumbani, mzuri huyo, uso mviringo kama sahani. Mama mkwe kamnyooshea kikombe cha kahawa. Kikombe kile! Kakipokea kwa adabu, mikono miwili, kapiga funda moja. La pili halikufika. Kaenda chini puu! Jasho linamtiririka na mwili wa baridi. Na tumboni mwake, kwa masikio yangu haya, nikasikia kitu kinasema, 'Huyu wangu.'"

"Kilisema kwa lugha gani?" Mwanakheri aliuliza.

"Kiarabu."

"Wewe Mama Shekue unajua Kiarabu?"

"Sijui. Lakini saa hiyo nilikielewa."

Siku nyingine Mwanakheri angecheka. Leo alishika ukuta. Saumu alikuwa mwali wake. Siku arobaini nzima alimpaka singo, ule msugo wa kunukia wa maharusi, kwa viganja vyake hivi, toka unyayo mpaka shingo, akamfunga nailoni na kanga juu yake ili singo iingie, akamkalisha kwenye fukizo mpaka nailoni ikatoa jasho. Somo alikuwa Bi Tatu, mwenye sifa Handeni Mpya yote tangu watu wa pwani walipohamia huku juu, bahari ilipokula mitaa yao. Bi Tatu ndiye aliyefunda. Lakini mikono ilikuwa ya Mwanakheri.

"Yuko wapi sasa?"

"Zahanati. Kwani watampeleka wapi? Na mama mkwe ameshafungiwa ndani, vijana wamekaa mlangoni. Safari hii hawamwachi aondoke salama kama yule Bi Kirembo."

Mwanakheri alijifunga mtandio akatoka.

Njiani alikuwa anafikiri polepole, kwa kupanga, kama mtu anayechambua mchele. Shule aliishia darasa la saba, lakini macho yake hayakuishia hapo. Ashura, mwaka jana, alifariki siku ya saba baada ya kutolewa nje. Kabla ya Ashura kulikuwa na msichana wa mtaa wa juu, alitapika siku tano, akapona akiwa mifupa. Sasa Saumu. Wote walianguka baada ya kuogeshwa maji ya ndimu. Hakuna aliyewahi kuanguka akiwa bado ndani. Tena kulikuwa na Mwanamkasi, aliyetolewa mwaka ule ndimu zilipoadimika. Hakuogeshwa, akaenda kwa mumewe na kikopo chake cha singo, akawa anajipaka mara mojamoja mpaka kikamwishia chenyewe. Mwanamkasi mpaka leo ana watoto wawili na anapiga kelele sokoni kuliko mtu yeyote.

Kama ni jini, mbona linaogopa uchafu na kupenda usafi?

*

Daktari Mbelwa alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, mkono mmoja ameinua chupa ya maji ya mshipani kwa sababu chuma cha kuitundikia kilikuwa kimevunjika. Saumu alikuwa amelala, midomo imerudi rangi. Kwenye kifundo cha mkono wake palikuwa na bangili nyeupe ya zahanati, ile inayosoma damu kwa kulamba jasho.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba binti. Wewe ndiye mpakaji?"

Swali lile lilimgonga kifuani. "Ndiyo mimi."

"Afadhali umekuja mwenyewe. Sikiliza hii." Akaminya bangili kwa kidole.

Bangili ikasema, kwa sauti ile yake ya mtu asiyejali: "Kotisoli: moja. Inayotakiwa asubuhi: kumi hadi ishirini. Tezi za juu ya figo: kimya."

"Kimya maana yake nini?"

"Maana yake zimelala. Hapo nimeshamchoma sindano, ndiyo maana unamwona anapumua. Lakini hizo dawa za sindano bangili inazitoa kwenye hesabu. Hiyo moja ndiyo yake mwenyewe." Daktari alibadilisha mkono wa kushika chupa. "Kila mtu ana tezi mbili ndogo, zimekaa juu ya figo kama vikofia. Kazi yake ni kutoa homoni inayoitwa kotisoli. Ukiamka asubuhi, ukiumwa, ukishtuka, ukikaa na njaa, hiyo ndiyo inayokusimamisha. Ubongo ndio unaoziagiza. Sasa, binti, nyumbani kwako wakikuletea ugali umeshaiva kila siku asubuhi na jioni, utawasha jiko?"

"Siwashi."

"Utaacha hata kuni usitafute. Mwezi ukiisha, jiko limeota utando wa buibui. Halafu siku moja anayeleta ugali asije. Ndicho kilichompata huyu. Singo yenu ndiyo iliyokuwa inaleta ugali."

Mwanakheri alimtazama Saumu. Alikumbuka wauzaji waliopita na gari lao la sola miaka minne iliyopita, wakaacha chungu kimoja kwa Bi Tatu, wakaenda zao. Singo hai, walisema. Ndani yake mna vijidudu visivyoonekana. Uvilishe maji ya mchele asubuhi, na vyenyewe vitatengeneza dawa ya kulainisha ngozi, juu ya ngozi yenyewe, bila kununua tena. Chungu kilikuwa kinaumuka kama unga wa maandazi na kunukia karafuu. Kila nyumba ikaja kuomba kijiko. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kilikuwa dawa ya nini.

"Ilikuwa dawa ya ukurutu," daktari alisema, kana kwamba amemsikia. "Nimetafuta tangu alipoletwa huyu mpaka nimeiona. Unapaka mahali padogo kama kiganja, siku saba, basi. Nyinyi mmeichukua mkapaka mwili mzima siku arobaini. Mkafunga na nailoni juu! Mkapiga na mvuke! Hata ningeambiwa nibuni njia ya kuipenyeza yote ndani, nisingefikia akili hiyo."

"Lakini wananawiri, daktari. Wakiingia ndani wembamba, wanatoka wana mashavu."

"Mashavu mviringo? Na tumbo? Na mistari myekundu mapajani?"

"Bi Tatu anaiita mistari ya baraka."

Daktari alifumba macho. "Hiyo ndiyo dalili, binti. Mmekuwa mnapigia vigelegele ugonjwa."

Mwanakheri alitazama viganja vyake. Vilikuwa laini mno, vyenye ngozi nyembamba, mishipa inaonekana kama uzi wa buluu. Watu walikuwa wanamsifia. Wanasema Mwanakheri ana mikono ya mtu asiyewahi kushika jembe.

"Wewe huwa unapaka na nini?" daktari aliuliza taratibu.

"Na hii mikono."

"Miaka mingapi?"

Alinyoosha mkono mwenyewe. Daktari alitoa bangili nyingine kwenye mtoto wa meza, akamvisha, wakaanza kusubiri. Baada ya sekunde mia moja na ishirini, ikasema:

"Kotisoli: mbili. Tezi za juu ya figo: kimya."

Alisikia masikio yake yanavuma. Mwezi wa Ramadhani alipopatwa na malaria alizimia uani, wakammwagia maji, wakasema ni mfungo umemzidi. Kumbe. Kumbe alikuwa anatembea na mwili ambao haukuwa na kitu ndani cha kumshika.

"Mbona mimi sijaanguka kama wao?"

"Kwa sababu hujaacha. Wewe kila siku uko kwenye chungu. Siku ukinawa ndimu ukakaa nyumbani, siku ya tatu tutakuwa tunatafuta kitanda chako."

"Basi nipe dawa."

"Mashine ya dawa hapa inapika dozi ya mtu mmoja kwa juma. Mmoja tu. Na huyo mmoja ni huyu." Alimwonyesha Saumu kwa kidevu. "Nimeomba vidonge mkoani. Wameniambia siku ishirini. Mpaka hapo, dawa yenu ni hiyohiyo singo. Mtu aendelee kupaka, lakini apunguze. Mwili mzima, halafu nusu, halafu mikono tu, halafu siku moja moja. Miezi. Jiko lililolala ndivyo lilivyo, haliamki kwa kupigiwa kelele."

Mwanakheri alishtuka mpaka akagonga kitanda. "Sikudhani!"

"Sikudhani nani?"

"Mwali wetu. Anatolewa leo. Adhuhuri anaogeshwa ndimu. Daktari, twende, ukawaambie."

"Nimwachie nani chupa hii? Na hata ningeenda, mwanamume ataingia chumba cha mwali?" Alimkazia macho. "Nenda wewe. Lakini nisikilize vizuri. Usitamke neno sumu. Ukisema singo ni sumu, itafika mji mzima kabla hujamaliza kulisema, na kila mwenye kijiko atakimbilia ndimu. Mna nyumba ngapi zenye wanawali ndani?"

"Tisa. Na wapakaji. Na wale waliotoka wanaojipaka wenyewe."

"Basi utawaua kwa kuwaokoa. Danganya. Sema singo haijakaa, aongezwe siku. Kesho kutwa nitakuja mimi kuongea na wazee."

"Na Bi Kirembo?"

"Ndiye nani huyo?"

"Mama mkwe wa Ashura. Tulimfukuza mji. Tulisema amemroga. Mimi ndiye niliyemtolea mkeka wake nje. Nikidanganya leo, huyu mwingine waliyemfungia ndani naye atakuwa mchawi mpaka kesho kutwa. Vijana hawatasubiri kesho kutwa."

Daktari alionekana hakuwa amelifikiria hilo. Akamvulia Saumu bangili, akampa Mwanakheri.

"Chukua hizi mbili, hii na hiyo uliyovaa. Mimi sijui, binti. Kweli yako inaweza kuua na uongo wangu unaweza kuua. Wewe ndiye unayewajua watu wako."

*

Nyumbani kwa kina Sikudhani ndimu zilikuwa zimeshakamuliwa. Shangazi za bwana harusi walikuwa barazani na vigoma vyao, wanataniana na kudai soda. Mwanakheri aliwapita akiwa ameinama, akaingia chumba cha ndani.

Sikudhani alikuwa amekaa juu ya mkeka, nailoni bado imemzunguka chini ya kanga, analoa jasho. Alimwona Mwanakheri akatabasamu kwa macho tu. Siku ya kutolewa nje mwali hasemi; akisema, wanaamini ndoa itakuwa ya ugomvi. Mama yake, Bi Mwanate, alikuwa amechutama mbele ya beseni, anatoa mbegu za ndimu kwa vidole. Bi Tatu alikaa kitandani, mgongo umenyooka, kama alivyokaa kwenye harusi zote.

"Shikamoo somo."

"Marahaba. Umekawia! Nilitaka nimwogeshe mwenyewe, nikasema hapana, mwenye kazi yake atakuja."

"Somo, nimeona..." Alimeza mate. "Nimeona tumwongezee siku. Singo haijakaa."

Bi Tatu alimtazama, halafu akacheka kicheko kifupi. "Haijakaa wapi? Kwenye kucha? Mtazame mtoto alivyo. Shavu hilo ukiligusa linarudi."

"Haijakaa vizuri, somo. Siku kumi tu."

"Kama haijakaa, chungu kimeharibika. Na chungu kikiharibika unaosha, unaanza na kingine. Mwanate, lete beseni, tuioshe hiyo."

Hivyo uongo wa daktari ulidumu muda wa kuvua viatu. Mwanakheri alisimama katikati ya chumba, akaona hana tena pa kurudi.

"Msimwoshe. Saumu ameanguka kwa sababu tulimwosha."

Akasema yote. Hakusema sumu. Alisema jiko na ugali, alisema tezi zilizolala, alisema nailoni na mvuke, kama alivyofahamishwa na bila kuongeza. Bi Mwanate alikuwa anamsikiliza mdomo wazi, mbegu ya ndimu imemnata kidoleni. Bi Tatu hakubadilika uso.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, somo."

"Mimi nimewatoa nje wanawali tangu wewe hujazaliwa."

"Kwa liwa na karafuu, somo. Siyo kwa chungu hiki. Chungu hiki kina miaka minne."

"Huyo daktari wako ana mke?"

"Sijui."

"Hana. Mwanamume asiye na mke anajua nini habari za mwali? Lete hiyo bangili. Nina miaka sitini na mbili, sijalala hospitali hata usiku mmoja. Nivalishe mimi, uisikie itakavyosema, halafu uniombe radhi mbele ya Mwanate."

Mwanakheri alipiga magoti akamvisha. Mkono wa Bi Tatu, ambao kila asubuhi ulikoroga chungu, ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga, wenye madoa ya zambarau mahali palipoguswa kidogo tu. Barazani vigoma vilikuwa vinaita. Shangazi mmoja alipaza sauti: "Huko ndani mnamwogesha au mnampika?" Wengine wakaangua kicheko.

Bangili ikasema: "Kotisoli: sifuri nukta nane. Tezi za juu ya figo: kimya."

"Irudie," alisema Bi Tatu.

Ikarudia.

Alikaa vilevile, mgongo umenyooka, lakini kitu fulani kilikuwa kimemtoka usoni. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Mwanakheri alikuwa karibu naye, akayasoma majina. Alikuwa anawahesabu. Alipofika kwa Ashura alisimama.

"Nilimwosha mwenyewe," alisema, chini sana. "Wewe ulikuwa unaumwa siku ile. Nilimwosha mara mbili, nikasema atakate. Na Bi Kirembo aliniangukia miguuni. Aliniambia, Tatu, wewe unanijua."

"Somo..."

"Na mimi ndiye niliyesema. Waliniuliza mimi, nikasema ni yeye."

Bi Mwanate alikuwa anageuza macho kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu. Na hapo ndipo alipoelewa, lakini alielewa upande mmoja tu, ule ambao mama yeyote angeuelewa kwanza.

"Kwa hiyo kitu kilichomuua Ashura," alisema, "sasa hivi kiko juu ya mwanangu?"

"Mama, siyo hivyo, kikiondolewa ghafla ndipo—"

"Kiko juu yake! Siku arobaini mmenipakia kifo juu ya mtoto wangu, tena nawapikia pilau!" Alichana nailoni ya bega kwa mkono mmoja, mwingine umeshika beseni. Maji ya ndimu yalimwagikia mkekani. "Kitoke! Kitoke sasa hivi!"

Mwanakheri alijitupa katikati, akamkumbatia Sikudhani, mgongo wake ukiwa upande wa beseni. Mwili wa mwali ulikuwa moto na unateleza, moyo wake unapiga kama wa ndege aliyeshikwa. Sikudhani alikuwa amemng'ang'ania kanga kwa vidole vyote. Hakusema. Hata sasa hakusema. Alikuwa anamtazama mama yake, na kumtazama Bi Tatu, macho yamemtoka.

"Niachie mwanangu!"

"Siachii, mama. Nimwagie mimi."

"Wewe ndiye uliyempaka! Mikono hiyohiyo!"

"Ni mikono hii, mama. Ndiyo maana siachii."

Bi Mwanate aliinua beseni juu, kifua kinampanda na kushuka. Hakumwagia. Hakushusha. Aligeuka kitandani, kwa mtu ambaye tangu harusi ya Bi Mwanate mwenyewe alikuwa akimwambia lini akae, lini ale, lini alie.

"Bi Tatu! Wewe ndiye somo wake. Nimwoshe au nisimwoshe?"

Barazani vigoma vilikuwa vimenyamaza. Walikuwa wamesikia kelele. Visigino vilikuwa vinakuja ukumbini, na sauti ya shangazi ikiuliza kuna nini huko.

Mwanakheri aligeuza shingo bila kumwachia mwali. Bi Tatu alikuwa anaishika bangili mkononi mwake kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshikwa na kitu akitafuta kinapofungukia. Akisema usimwoshe, amesema la Ashura mbele ya mashangazi waliokuwa wanafika mlangoni, na la Bi Kirembo pia, popote pale alipo, kama bado yupo. Akinyamaza, mikono ya Bi Mwanate haitakaa juu milele.

"Somo," Mwanakheri alisema. "Nakuomba. Wewe atakusikia. Mwambie aweke beseni chini."

Pazia la mlango likafunuliwa. Bi Tatu aliinua uso, akawatazama waliosimama pale, mmoja mmoja, na midomo yake ikaachana.